Nilimwambia mume wangu "hatuna", kumbe ninayo akiba ya matumizi ya miaka 17

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Leo naimaliza kwa sababu muda umenibana. Ifikapo tarehe 30 ya mwezi huu natakiwa kutia sahihi karatasi ambayo sasa hivi iko kwenye droo ya kabati letu, na sijui siku hiyo mkono wangu utafanya nini.

Nina miaka 44. Nimeolewa miaka 16, tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka 14 na mdogo 10. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo hesabu hazinitishi. Wanaonitisha ni watu.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 19. Alikuwa mpole, na masuala ya fedha hakuyazungumza nyumbani kamwe. Mama alichukulia kwamba ndiyo heshima. Tulipomaliza kumzika ndipo tulipogundua kwamba hatukujua lolote: ana akaunti ngapi, anamdai nani, anadaiwa na nani, hati za nyumba kaziweka wapi. Watu walikuja na karatasi zenye sahihi yake wakidai madeni, na mama hakuwa na chochote cha kuwapinga nacho. Ilituchukua miaka 4 kupata kilichokuwa chetu, na kilichopatikana hakikufikia hata thamani ya vile tulivyouza tukiwa tunasubiri. Nilimwona mama yangu, mtu mzima, akiomba nauli kwa watu waliokuwa wakimwogopa zamani. Nikajiapiza kwamba mimi sitasimama pale alipokuwa amesimama.

Nilipopata mshahara wa kwanza, nikiwa na miaka 24, nilinunua daftari la jalada gumu, la kijani. Juu yake nikaandika: Akiba haiozi. Tangu siku hiyo sijaruka mwezi hata mmoja. Naweka kwanza, natumia kinachobaki. Sehemu ni hati fungani, yaani fedha ninazoikopesha serikali au kampuni kwa riba, sehemu kubwa ni vipande vya mfuko wa pamoja unaonunua hisa za soko zima, na fedha za miezi 6 ziko benki kwa ajili ya dharura. Gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, na riba sijawahi kula, huwa narudisha humo humo.

Lengo langu ni kufikisha mara 25 ya matumizi yetu ya mwaka. Nilisoma kwamba ukifika hapo unaweza kutoa asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka ukapandisha kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, na fedha zisikuishie. Mwezi uliopita nilifika mara 17. Kila mwaka naongeza kiasi cha sehemu 6 katika 10 za matumizi ya mwaka mmoja, na nikikadiria ukuaji wa asilimia 4 juu ya mfumuko wa bei, nitafika 25 kabla sijatimiza miaka 50. Naona aibu kusema, lakini nikiandika namba hizi natabasamu peke yangu. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuzisikia.

Hata mume wangu hazijui. Anachojua ni kwamba "nina akiba kidogo ya watoto". Tuligawana majukumu tangu mwanzo: yeye hulipa pango, chakula, maji na umeme, mimi karo, mavazi na matibabu. Kinachonibakia hajawahi kuniuliza.

Mume wangu ni fundi seremala. Kwa miaka 18 amefanya kazi kwenye karakana ya mtu mwingine, na sasa mgongo unamsumbua kwa kubebeshwa mizigo na kusimamishwa saa nyingi. Anataka karakana yake mwenyewe, ndogo, apange saa zake na aajiri kijana wa kubeba. Ameandika kila kitu: msumeno wa meza, randa ya umeme, pango la mwaka mzima, mbao za kuanzia. Jumla yake ni kama matumizi yetu ya nyumbani ya miaka 2. Usiku mmoja, tumeshalala, akaniuliza, "Mke wangu, kuna chochote tunachoweza kuanzia?"

Nikasema, "Hatuna."

Sikupanga kusema hivyo, Shangazi. Neno lilitoka lenyewe. Wala hakukasirika. Alisema tu, "Basi, tutaona," akageukia ukutani. Wiki iliyofuata akarudi na karatasi za mkopo: riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio linalobaki, marejesho ya miezi 48, dhamana ni kiwanja tulichonunua pamoja. Na mwenza lazima aridhie kwa sahihi.

Sitaki umwone malaika. Miaka 12 iliyopita aliingiza fedha zake zote, na nyingine za kukopa, kwenye mpango wa rafiki yake uliodai kuzidisha fedha mara mbili kwa miezi 3. Zikapotea zote. Deni alililipa mwenyewe, miaka 2 akifanya kazi za usiku, lakini mimi sijasahau.

Hesabu nimeshapiga. Nikitoa miaka 2 nabaki na 15, na badala ya kufika kabla ya miaka 50 nitafika nikiwa na 51 na ushee. Nikitia sahihi mkopo, nitakaa nimtazame akilipa riba ilhali fedha zangu zimetulia. Nikimwambia ukweli ataniuliza kwa nini nilisema hatuna, na nikishazitaja, zitaacha kuwa zangu. Nikikataa kutia sahihi bila kueleza, ataniona adui wa ndoto yake.

Je, anayelinda uhuru wake wa kifedha anakosea? Nifanye nini?

Mwenye Daftari la Kijani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Mara zote mbili nilisimama palepale, kwenye lile neno moja ulilolisema gizani. Lakini sitaanzia hapo, maana wewe umeshajilaumu vya kutosha.

Naona mambo mawili umeyafunga kwenye fundo moja. La kwanza ni kama fedha zako ziingie kwenye karakana. La pili ni kama mume wako ajue kwamba zipo. Umeyaandika kana kwamba kujibu moja ni kujibu la pili, wakati unaweza kumwambia zipo na bado ukakataa kuzitoa. Watu hufanya hivyo, ingawa si rahisi. Tulifungue kwanza fundo hilo.

Tena acha nikupongeze kama mtu anayejua ugumu wa ulichofanya. Miaka 20 bila kuruka mwezi! Kwa kipimo ulichonipa, ulichoweka kwa mkono wako ni kama matumizi ya miaka 12. Kilichobaki, kama miaka 5, kimezaliwa na fedha zenyewe kwa sababu hukula gawio. Na kuna jambo ambalo sijui kama umeliona kwenye daftari lako: asilimia 4 ya 17 ni 0.68, na wewe unaongeza 0.6 kwa mwaka. Maana yake fedha zako sasa zinakuongezea kuliko unavyojiongezea. Huo ni mlima ambao wengi huishia njiani, na umeshaupita. Hata ukibaki na 15, ukuaji wake wa mwaka unalingana na jasho lako la mwaka. Hilo lisikusukume kutoa. Nimelisema ili ujue umesimama wapi unapofikiri.

Sasa hiyo 25. Umeishika kama namba ya lango: huku utumwa, kule uhuru. Ilitoka wapi? Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alichukua kumbukumbu za hisa na hati fungani za nchi yake kuanzia 1926, akajiuliza mstaafu angeweza kutoa kiasi gani kila mwaka na fedha zimtoshe walau miaka 30. Alipata karibu asilimia 4, na 25 yako ni asilimia 4 iliyogeuzwa: 100 gawanya kwa 4. Kazi ilikuwa nzuri na imesaidia wengi. Lakini ni historia ya nchi moja, kwa miaka 30. Wewe huenda ukaanza kutoa ukiwa na 50. Ukijaaliwa kufika 90, hiyo ni miaka 40. Na si kila soko limekuwa na bahati ya Marekani. Aliyenunua hisa za Japani mwishoni mwa 1989, faharisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa kubwa za huko, ilipokuwa kileleni, alisubiri hadi Februari 2024 kuiona ikipita pale tena. Miaka 34! Kwa hiyo 25 si ahadi, na 23 si maangamizi. Ni makadirio mazuri, na makadirio huvumilia kusogezwa.

Hukuniambia utafanya nini siku utakapofika. Nilitafuta kwenye barua nzima sikukuta. Umeniambia unakimbia nini, na nimekuelewa vizuri sana. Unakimbilia wapi? Inawezekana una jibu na nafasi haikutosha. Inawezekana pia kwamba ukifika 25 utaongeza iwe 28, kwa tahadhari. Nimewaona wahasibu wakifanya hivyo, na hofu ya kuishiwa haina namba inayoitosheleza.

Jambo jingine. Unasema ukizitaja zitaacha kuwa zako. Naomba tulichungulie neno hilo, "zangu", kwa upole. Matumizi uliyoyazidisha kwa 25 ni ya nyumba nzima, ndivyo ulivyoandika. Basi mume wako yumo kwenye hesabu hiyo, anakula humo na kulala humo, ila hana habari. Na miaka 16 pango limelipwa na yeye, na chakula pia. Kama ungelipa nusu ya pango, hizo sehemu 6 katika 10 zingekuwa ngapi? Wewe ndiye mhasibu, sitakupigia hesabu hiyo. Wala sisemi kwamba daftari ni lake. Nidhamu ni yako, hakuna atakayekunyang'anya, na sheria za mali za wanandoa hutofautiana, kwa hiyo muulize mwanasheria wa huko uliko. Ninachosema ni kwamba huenda amekuwa mshirika wako bila kuambiwa, na hilo ataliona haraka kuliko unavyodhani. Ujiandae nalo.

Upande wa pili: hofu yako juu yake haikutoka hewani. Mtu aliyewahi kupoteza akiba na fedha za kukopa anaweza kurudia, na ni haki yako kukumbuka. Lakini tazama tofauti. Charles Ponzi, mwaka 1920 kule Boston, aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, na alichokuwa nacho ni fedha za waliokuja baadaye kuwalipa waliotangulia. Mpango wa yule rafiki ulikuwa mtoto wa ukoo huo. Safari hii mumeo amekuja na orodha ya msumeno na mbao, kwa kazi aliyoifanya miaka 18. Na deni lile alililipa mwenyewe, usiku. Hilo umelipitisha kwa sentensi moja kisha ukaweka "lakini". Mimi ningelikalisha kidogo.

Hata hivyo, fundi hodari si lazima awe mfanyabiashara hodari, na hapa ndipo ningekuwa mgumu kama ningekuwa mimi. Kuunda kabati ni kazi moja. Kumwambia mteja atoe malipo ya awali, kumfuatilia anayekwepa kulipa, kujua faida iko wapi baada ya kulipa kijana wa kubeba, hizo ni kazi nyingine tatu. Je, wapo wateja waliomwambia "ukifungua nitakuja", na kati yao yupo aliye tayari kutanguliza fedha? Ana makadirio ya miezi ambayo hakutakuwa na oda? Maswali haya hayamdharau, na akiyajibu vizuri nawe utalala vizuri zaidi, utoe usitoe.

Twende kwenye karatasi iliyo kwenye droo. Unaijua kanuni ya 72: gawanya 72 kwa riba ya mwaka, utapata takriban miaka ya fedha kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 4 yako ni miaka 18. Kwa asilimia 24 ya mkopo huo, yaani 2 kwa mwezi mara 12, ni miaka 3. Ndani ya nyumba moja, chini ya paa moja, kuna fedha zinazotambaa kwenda juu na deni linalotaka kukimbia. Nimepiga hesabu ya mkopo huo: wa matumizi ya miaka 2, kwa asilimia 2 kwa mwezi na miezi 48, utarudisha matumizi ya miaka 3 na zaidi. Rejesho la mwezi litakuwa zaidi ya robo tatu ya matumizi yote ya nyumba kwa mwezi. Tena linaanza kudaiwa wakati karakana haijauza hata stuli. Biashara nyingi changa haziuawi na ubovu wa kazi. Huuawa na rejesho linalokuja kabla ya mteja.

Kutia sahihi ukanyamaza, basi, ndiyo njia iliyo tulivu kuliko zote mwezi huu, na naogopa ndiyo yenye gharama kubwa baadaye. Mambo yakienda vibaya kiwanja kinaondoka, na wewe utakuwa na siku nyingi za kumtazama akihangaika na kitu ambacho ungeweza kukizuia. Hiyo ni siri ya aina nyingine kabisa, nzito kuliko hii uliyonayo sasa. Lakini wewe ndiye unayejua mgongo wako unabeba nini.

Kumpa matumizi yote ya miaka 2 kwa mkupuo kuna hatari zake pia, na hesabu yako imeacha kitu. Ulipopata 51 na ushee ulichukulia kwamba utaendelea kuweka 0.6 kila mwaka. Akiacha kazi, nani atalipa pango karakana ikisuasua? Ni wewe, na akiba yako ya mwaka huo itaishia hapo. Ikiwa itachukua miaka 2 kabla hajaweza kurudi kwenye pango na chakula, ongeza kama mwaka mmoja mwingine, uwe karibu na 52 au 53. Hiyo ndiyo bei halisi, na imejumuisha karakana kufa kabisa bila kurudisha chochote. Miaka 3, pengine. Nimeiandika wazi kwa sababu kwenye barua yako ilisikika kama uhuru wote unapotea. Kwako miaka 3 inaweza kuwa mingi sana. Inaweza pia kuwa midogo kuliko ulivyoogopa. Ikae na wewe siku mbili.

Kati ya kutoa zote na kunyima kuna nafasi pana. Yupo mtu mmoja wa kale ninayempenda kwa jambo hili, Benjamin Franklin. Alipofariki mwaka 1790 aliiachia miji ya Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mmoja, kwa masharti ya miaka 200. Fedha zikopeshwe kwa mafundi vijana waliomaliza kujifunza kazi, waanzishe shughuli zao. Riba asilimia 5. Walipe sehemu moja ya kumi ya mkopo kila mwaka. Wawe na wadhamini wawili. Na hakuna kupewa zaidi ya pauni 60. Kufikia 1990 mfuko wa Philadelphia ulikuwa umefika zaidi ya dola milioni 2 na wa Boston zaidi ya milioni 4. Wengi husimulia kisa hiki kusifu riba juu ya riba. Mimi napenda yale masharti. Alikuwa mtu wa akiba kama wewe, naye aliona akiba ikikua kwa kupita mikononi mwa mafundi, kidogo kidogo, kwa maandishi, na kwa riba isiyowanyonga. (Na hesabu zake pia ziliyumba: alikadiria pauni 131,000 kwa kila mji baada ya miaka 100, na hakuna mji uliofika.)

Kwa hiyo fikiria kama inawezekana kuanza na mashine moja badala ya mbili. Kupangisha kona ya karakana ya mwenzake badala ya pango la mwaka mzima. Kutoa matumizi ya nusu mwaka sasa, na mengine oda zikionekana. Kuiandika kama mkopo wa nyumbani wenye riba inayolingana na ulichokuwa ukipata, ili daftari lako lisione hasara. Ubaya wa mkopo wa mke kwa mume ni kwamba anayedai na anayedaiwa wanalala kitanda kimoja; akichelewa mwezi mmoja, mtaongea lugha gani mezani? Wengine huona ni afadhali kuita zawadi kile wanachoweza kukipoteza, basi. Fedha zile za miezi 6 za dharura, kwa vyovyote vile, usiziguse. Kama ataacha kazi, zitahitajika kuliko wakati wowote.

Nirudi kwenye siri. Kabla sijasema lolote, kuna jambo nakuuliza kwa sababu barua haioneshi yote: je, unamwogopa? Simaanishi kuogopa aibu. Kama ana mkono mwepesi, au amewahi kukunyang'anya fedha, au kujua kwake kutakuweka hatarini, basi yote yanayofuata yaache, na siri hiyo ni ngao yako. Tafuta mtu wa karibu na wa sheria kwanza. Sikuliona hilo kwenye barua. Nimemwona mtu aliyesema "tutaona" akageukia ukutani.

Kama ni yeye huyo, atakasirika. Nisikudanganye. Zaidi ya kiasi, kitakachomuuma ni ule usiku. Huenda akauliza, "Miaka 16 ulidhani mimi ni nani?" na hutakuwa na jibu zuri. Wapo wanaume ambao baada ya hapo hubeba kinyongo muda mrefu, na wapo wanaocheka kwa mshangao kisha wakaomba kuona daftari. Siwezi kukuahidi wako ni yupi. Ninachoweza kusema ni kwamba maelezo yako unayo tayari, na umeniandikia mimi nisiyekujua: baba aliyenyamaza, karatasi za madeni, nauli. Je, mumeo anakijua kisa hicho chote, au anajua tu kwamba mkwe wake alifariki mapema? Mimi nami niliwahi kuwa na bahasha yangu chini ya godoro, miaka mingi, na nilipoitoa nilianza na namba. Lilikuwa kosa. Alisikia namba tu, sababu hazikumfikia.

Tarehe 30 nayo si ukuta. Mwombe muda, mkopeshaji anayekataa kusubiri wiki 2 anakuambia kitu kuhusu yeye. Mkataba usomwe: kuna tozo gani za kuandaa mkopo, je mkilipa mapema mnapunguziwa riba au mnatozwa faini, kiwanja kinachukuliwa baada ya kuchelewa mara ngapi.

Halafu kuna daftari lenyewe. Umeandika juu yake kwamba akiba haiozi. Kwa fedha za kufungia ndani methali hiyo haisimami, unajua: bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, thamani inabaki nusu kwa miaka 12, ndiyo maana ulinunua hisa na hati fungani. Lakini nilikuwa nawaza kuoza kwa namna nyingine. Ukianguka kesho, Mungu apishie mbali, nani anajua vipande vya mfuko viko wapi? Umeandikisha mrithi? Kuna wosia? Binti yako au mwanao wa miaka 14 anajua kwamba daftari la kijani ni kitu cha kutafutwa? Umejenga vizuri kuliko baba yako kwa kila kipimo, isipokuwa hiki kimoja, ambapo mmelingana. Samahani kama imechoma. Nimeirudia sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta maneno laini zaidi, sikuyapata.

Na mama yako. Amejaa kwenye barua yako, lakini hukuniambia kama yu hai. Kama yupo, nenda ukakae naye kabla ya kufungua ile droo. Muulize angependa baba angekuwa amekiri lini, na kwa maneno gani, ili aweze kumsamehe kwa kuficha. Unaweza kumwambia kwa nini unauliza, au usimwambie. Kisha niandikie alichokujibu. Mimi mwenyewe ningependa kukijua.

Shangazi yako